Usiite Mathe wa Mtu Tú

Cheki hii video ka bado hujaiona. Ni Novemba 2007, Santiago, Chile. Wadosi wa nchi za Kihispania wako kwa mkutano, Hugo Chávez wa Venezuela anazidi kumkatiza waziri mkuu wa Hispania, José Luis Rodríguez Zapatero, na mfalme Juan Carlos ameketi hapo kando anachemka. Mwishowe akainama mbele akamrushia Chávez: ¿Por qué no te callas? Kwani huwezi nyamaza? Wasee wakaifanya mlio wa simu, wakaichapa kwa tisheti.

Wengi walishika hasira ya mfalme. Mimi nashika hiyo te. Juu angeweza kusema ¿por qué no se calla?, maana ingebaki ile ile, lakini hapo angekuwa anabonga na rais. Te callas ni venye unaambia brathe yako mdogo mkidish. Hispania tú, wewe wa rika yenye hiyo te inatoka, hutembea kila kona, so pengine kwa maskio ya mfalme haikuwa kitu kubwa. Lakini huyo ni mfalme wa Hispania anaambia rais wa nchi yenye Hispania ilitawala. Hiyo te ilikuwa na uzito wa miaka mingi ndani yake.

Vijana wa mtaa siku hizi wanasoma Kihispania mbaya mbaya. Kuna wale wa kupeleka watalii Mara, kuna wale wa kazi za mtandao, kuna wale wamevutwa na reggaeton, na kuna wale wanadai tu kucheki La Casa de Papel bila kusoma maandishi chini ya skrini. Poa sana. Shida ni mlango wenye tunaingilia. Karibu kila programu ya simu inakufunza kupitia Kizungu, na Kizungu iko na neno moja, you, ya mtoto, ya jaji, ya mbwa, ya watu mia uwanjani. Ukiingilia hapo, tú na usted, yule wewe wa heshima, zinakuja kwako zikiwa zimevaa nguo moja, na unaanza kuzitupa ovyo.

Hata zile telenovela tumekulia ziliifanya hivo. Cuando seas mía, ya Mexico, ilishika Kenya yote miaka ya 2000, shosho na wajukuu wote mbele ya TV. Lakini tuliisikia kwa sauti za Kizungu. Kila mahali mfanyakazi alikuwa anaambia tajiri usted, kila mahali wapenzi walitoka kwa usted wakaingia kwa tú, yote ilifika kwetu ikiwa you. Nusu ya mapenzi ilibaki studio.

So form yangu ni hii: funga huo mlango wa Kizungu, ingia na Kiswahili. Na haswa hii Kiswahili yetu ya mtaa, yenye watu wa shule wanaiona ni takataka. Iko na dawa ya karibu kila kitu kwa hii mada.

Anza na usted, yenye inasumbua watu sana. Usted inamaanisha wewe, wewe wa heshima, lakini kitenzi chake ni cha yeye. Tú quieres, unataka. Él quiere, anataka. Usted quiere, pia ni kama anataka, na bado unaongea na mtu yuko hapo mbele yako. Odijo wa Kizungu atakuambia hiyo ni sheria, kariri tu. Mimi nakuambia panda matatu. Konda akiwa na msee wa rika yake anamuuliza, "Unashuka wapi?" Akifika kwa mathe mzima ameshika kiondo, sauti inashuka kidogo: "Mathe anashuka wapi?" Mathe yuko hapo, anaangaliwa machoni, lakini kitenzi kinamwongelea ni ka hayuko. Kwa duka ni hivo hivo: "Mkubwa anasemaje?" "Kastama anakula nini?" Hiyo ndio usted, kila kitu. ¿Dónde te bajas? ni ya rika yako. ¿Dónde se baja? ni ya mathe na kiondo yake.

Na sababu ni moja. Zamani Hispania watu wa heshima waliitwa vuestra merced, yaani hisani yenu. Ulikuwa hubongi na mtu, ulikuwa unabonga na hisani yake, na hisani ni yeye, si wewe: hisani yenu inataka nini? Watu wakaitamka mbio mbio miaka na miaka hadi ikabaki usted. Kitenzi ndio kilikataa kubadilika. Ndio maana bado wengine wanaiandika kwa kifupi Ud. ama Vd., na V kubwa ya ile vuestra bado iko hapo.

Ukishika hiyo ya konda, mengine yanajipanga. Konda hawezi sema "mathe anashuka wapi na mzigo wako." Atasema "na mzigo yake." Kihispania pia: ukiingia kwa usted, kila kitu kinaingia na wewe. Tu maleta inakuwa su maleta. ¿Te ayudo?, nikusaidie, inakuwa ¿le ayudo? Contigo inakuwa con usted. Hapa ndio wasee huanguka: wanaanza na usted safi, buenos días, señora, ¿cómo está usted?, halafu sentensi ya pili wanamuuliza ¿y tu familia? Ameshapewa heshima na amenyang'anywa kabla ajibu.

Sasa uzuri, ama noma, ni kwamba hakuna Kihispania moja. Mbogi ya watu karibu milioni 500 waliozaliwa na hiyo lugha, nchi kama 20, na kila mtaa na sheria zake za nani ni tú.

Desemba 2022, Qatar. Argentina imetoa Uholanzi kwa penalti, Messi anahojiwa, macho inamtoka kwa Wout Weghorst amesimama hapo nyuma. Akamwambia, ¿Qué mirás, bobo? Andá pa' allá. Unaangalia nini, fala? Ishia huko. Kenya mzima tuliiona. Lakini ka umesoma na programu ya simu, mirás inafaa kukusumbua, juu ulifunzwa miras, sauti ikiwa kwa mi. Messi ameweka nguvu mwisho. Huyo ni mtoto wa Rosario anabonga vos, si tú. Argentina karibu hakuna mtu anakuambia tú eres. Ni vos sos. Vos tenés, vos querés, vení, mirá, decime. Na si Argentina peke yake: Uruguay, Paraguay, Nicaragua, Guatemala, Honduras, El Salvador, hadi Maracaibo huko Venezuela.

Historia ya vos inanibamba sana. Hapo mwanzo vos ilikuwa ya heshima kubwa. Halafu kila mtu akaanza kuitumia, ikashuka bei, ndio vuestra merced ikaingia juu yake. Wahispania wakaleta vos Amerika wakati ilikuwa inaanguka. Mexico City na Lima, mahali wawakilishi wa mfalme waliketi na baraza zao, wakafuata fashoni ya Madrid, wakarudi kwa tú. Buenos Aires na Amerika ya Kati zilikuwa mbali na hayo mambo, vos ikabaki mtaani. Miaka mingi mashule za Argentina ziliambia watoto hiyo ni lugha mbovu, ongeeni tú ka watu wamesoma. Watoto wakaingia darasani na tú, wakatoka nje wakabonga vos. Mafalda, yule mtoto wa katuni wa Quino, aliingia kwa magazeti 1964 akibonga vos bila kuomba ruhusa. 1982 ndio akademia ya lugha ya Argentina ikakubali kwamba hiyo ni lugha sawa ya watu wake. Kila msee amewahi chapwa kiboko juu ya kubonga Sheng shuleni, ama akavalishwa ile kibao shingoni, ashike hiyo tarehe.

Colombia nayo inataka utulie. Ukienda na akili ya kitabu, usted ya wageni, tú ya mabeshte, Bogotá itakuchanganya vibaya. Huko unaweza sikia mabeshte wawili wa tangu utotoni wanaitana usted, ama mzae na kijana yake, ama bibi na bwana. Si baridi, ni joto. Ukitoka kidogo uingie Boyacá, kwa milima na viazi, utasikia sumercé, ile su merced ya zamani bado inapumua, mathe wa sokoni anamwita nayo mteja wake na mtoto wake pia. Shuka Medellín, mtaa wa kina Karol G na J Balvin, huko ni vos. Shuka hadi pwani, Cartagena na Barranquilla, ni tú mpaka uchoke. Nchi moja hiyo. Na Costa Rica utasikia mtu anaita mbwa yake usted, na hajachoka naye.

Chile wanachanganya: wanasema tú halafu wanaweka kitenzi kina mkia wa vos. ¿Cachái? Umeshika? Lakini hiyo vos yenyewe, ukiirusha uso kwa uso Chile, unatafuta vita.

Wale wa reggaeton, yenu iko hivi. Puerto Rico, Cuba na Dominikana hiyo s ya mwisho huisha kwa pumzi. Tienes inasikika tiene. Sasa utajua aje ni tú ama ni usted? Pengine ndio maana huko wanasema tú sana, hata mahali watu wa Mexico wangeiacha: ¿Qué tú quieres? Ukisikia tú kila mstari kwa ngoma, usidhani ni mkazo. Pengine ni kazi inafanywa, juu kitenzi kimepoteza mkia.

Kwingine, kiwakilishi hubaki nyumbani. Hapa tena Kiswahili imekubeba. Naongea iko na mimi ndani yake, husemi "mimi naongea" ka hutaki kuweka kifua. Hablo ni hivo hivo. Mzungu anasema yo, yo, yo kila sentensi na anasikika ni ka anajipiga kifua siku mzima. Bad Bunny akatoa albamu 2020 akaiita YHLQMDLG, Yo hago lo que me da la gana. Hago peke yake ingetosha, nafanya. Ameweka yo mbele juu anataka kusema mimi, mimi nafanya chenye najisikia. Hiyo yo imelipiwa.

Te quiero, nakupenda: te iko mahali ku iko, mbele ya mzizi. Me llaman, wananiita. Hauhitaji kufikiria. Mahali Kiswahili inakuacha ni mbili. Kwanza, sisi tunaweka mtendwa mmoja tu ndani ya kitenzi, wao wanaweka wawili: te lo doy, nakupa hiyo. Na le ikikutana na lo inageuka se: se lo doy, nampa hiyo. Pili, jinsia. Sisi tuko na yeye, basi. Wao wako na él na ella, na hata sisi imegawanywa: mbogi ya madem peke yao ni nosotras, akiingia jamaa mmoja wote wanakuwa nosotros. Kuna vijana Argentina na Hispania hawataki hiyo, wanaweka elle na todes kati kati, na wazee wa akademia wanakataa. Hiyo vita bado iko moto.

Twende kwa yangu na yako, juu hapa ndio Sheng inang'aa. Kiswahili ya odijo inataka kitabu changu, viatu vyangu, gari langu, mikono yangu. Sisi mtaani tuliikata zamani: kitabu yangu, viatu zangu, gari yangu. Moja ni yangu, nyingi ni zangu. Watu wamelia sana juu ya hiyo. Sasa cheki Kihispania: mi libro, mis zapatos, mi carro, mis manos. Mi na mis, tu na tus, su na sus. Moja na nyingi, imeisha. Msee wa Umoja anaingia hapo bila kubisha.

Kitu moja ya kushikilia: hiyo s inafuata kitu, haifuati watu. Mzungu akisikia gari ni ya watu watano anataka kusema sus carro. Zii. Gari ni moja, ni su carro, hata ka mbogi yote imelipia. Wewe hutawahi sema "gari zao" ukimaanisha moja, so usianze leo.

Nuestro ndio inarudi kwa mambo ya odijo kidogo, inabadilika na jinsia ya kitu: nuestro barrio, nuestra casa, nuestros amigos, nuestras cosas. Wanaume kumi wakiongea juu ya keja yao watasema nuestra casa, juu casa ni ya kike, wao wabaki na ndevu zao. Na mío pia. Simu imeachwa kwa kiti, ¿de quién es este celular?, dem anainua mkono: mío. Hasemi mía ati juu yeye ni msichana. Celular ni ya kiume, inatosha. Rudi sasa kwa Cuando seas mía. Yule anatamka hayo maneno ni mwanaume, na amesema mía, juu anayetakwa ni mwanamke. Na seas hapo ni ya tú. Kwa kichwa tu ya telenovela ulikuwa umepewa kwamba anayetakwa ni wa kike na wako karibu kiasi gani.

Su ndio ngori. Yake ya Kiswahili haisemi ni ya jamaa ama ya dem, lakini angalau yao na yenu ziko kando. Su ni yake ya jamaa, yake ya dem, yao, yako ya heshima, na yenu, zote kwa herufi mbili. Uko mapokezi ya hoteli, unamwambia mzee wa Mexico su maleta está arriba, na bibi yake amesimama hapo. Sanduku ya nani? Wenyewe wanatoka hapo na de: la maleta de ella, la maleta de usted. Ukiona macho ya mtu yanauliza, tumia hiyo de mara moja.

Halafu kuna mahali wao hawasemi yangu kabisa, na hapa ndio mimi nilipendea hii lugha. Mzungu anasema my head hurts. Wao: me duele la cabeza. Kichwa inaniuma. Hatusemi "kichwa yangu," hiyo ni ya inaniuma imeshasema kila kitu. Umetoka Tom Mboya Street na mfuko mwepesi: me robaron el celular, wameniibia simu. Ni hiyo hiyo, mwizi kwa kitenzi, mimi kwa kitenzi, simu inabaki bila mwenyewe. Se me perdió, imenipotea. Simu ndio imefanya kitendo, wewe umefikiwa tu na hasara. Watu wa Kizungu wanapewa sura nzima ya kitabu juu ya hiyo. Wewe ulikuwa unaisema ukilia ukiwa nasari.

Na mi si ya vitu tu. Shosho wa Mexico anakuita mijo ama mija, mi hijo na mi hija zimeshikana, hata ka hajawahi kukuona, venye wetu hukuita mwanangu kwa stage. Mwanajeshi hamwiti mkubwa wake general tu, anasema mi general. Yangu ya upendo, na yangu ya kusimama wima.

Sasa utafanya aje ukikutana na watu? Ka ni mtu mzima, ama mathe wa beshte yako, ama mteja, ama karao, ama bosi mpya, anza na usted, Mexico, Bogotá, Lima, popote Amerika. Hispania utacheka juu kijana wa duka atakuambia tú sekunde ya kwanza, na hiyo ni sawa huko, mjibu tú. Ukiwa na wengi, Amerika yote ni ustedes, hata ka ni watoto wa nasari. Vosotros, nyinyi wa mabeshte, iache Hispania, huko Amerika wanaisikia sana kanisani. Skiza mtu wa pale anaitana aje na wenzake kabla ufungue mdomo. Na ka umeingiza msupa box kwa Instagram, usikimbilie te quiero kabla hajakuita tú. Akikuita vos, mshukuru, na uende ujifunze vitenzi vyake.

Mlango wa tú hufunguliwa na mkubwa. Atakuambia tutéame, ama trátame de tú, ama tratame de vos, na ka hajasema unaweza kuomba, ¿nos tuteamos? Akikubali, hama na kila kitu: te, tu, contigo, tuyo. Usiache su moja nyuma. Na ukishahama, kaa huko, juu kurudi kwa usted huwa na maana yake. Kwa nyumba nyingi mathe anamwita kijana yake tú wiki nzima, halafu siku moja anasimama mlangoni anasema, venga usted para acá. Hapo kijana anajua ripoti ya shule imefika.